Nyumba Iliyonipandisha Mwambani

Katika pwani hii hakuna mtu anayejua habari za meli zilizovunjika kunishinda mimi, Ignatius Tobin. Nasema hivyo bila majivuno makubwa, maana wote walioweza kushindana nami wamekwisha kufa. Nilipoacha uvuvi nilikuwa naandika jina langu kama mtu anayekwangua magamba ya samaki. Nikajiandikisha shule ya jioni katika ukumbi wa parokia, nikakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakinigusa kidevu, mpaka nikapata cheti. Nilikitundika sebuleni, chini ya saa ya meli. Wageni walioingia walisifu saa.

Saa hiyo ilitoka kwenye meli iitwayo Corisande. Mlango wangu wa mbele nao ulikuwa wa chumba cha nahodha wa Corisande, na mpaka leo hufunguka kuelekea nje, jambo linalowashtua wanaobisha hodi. Hapa Branigan's Cove hakuna nyumba isiyo na kitu cha meli. Kengele ya kanisa ni ya meli. Wakati wa babu yangu ilivunjika meli iliyobeba kofia, na Jumapili ya Pasaka wanaume wote waliingia Misani na kofia nyeusi za mviringo, hata wale ambao kofia ziliwashukia mpaka puani, padri akadhani ametembelewa na watu wa benki.

Mtu asituone washenzi. Meli ikipanda mwamba, kwanza tunaokoa watu. Wanaume hushuka gengeni kwa kamba, wanawake huwasha moto na kuchemsha chai, na waliokufa maji tunawazika upande wa kusini wa kanisa ambako upepo una huruma kidogo. Lakini watu wakishakuwa salama, kila kilichobaki ni cha yule wa kwanza kukiwekea mkono. Huhitaji kukibeba. Ukigusa pipa ukasema "Langu," ni lako, hata likiwa zito kama ng'ombe. Bibi yangu alikalia kinanda ufukweni, theluji ikimwangukia, akiwangoja kaka zake waje na kamba. Hakuna aliyekuja kubishana naye. Kinanda hicho hakijawahi kutoa sauti yoyote ila ya maji, lakini ni chetu.

Sasa nimseme Genevieve Careen, kwa sababu mengine yote nisiyoyasema vizuri yanamhusu yeye.

Genevieve alikuwa mjane wa Dinny Careen. Dinny alikuwa mvuvi ambaye angeweza kuingiza mashua hapa kwetu kwenye ukungu huku akimenya kiazi. Alifia kitandani mwake, jambo ambalo wavuvi wenzake bado wanalitaja kwa wivu. Nyumba yao iko upande wa magharibi, juu kidogo, kwenye njia ya kwenda kisimani. Mimi nami nilikuwa nimefiwa na mke siku nyingi, na nilianza kwenda kwake Jumapili baada ya Misa, nikiwa na kitabu kwapani ili watu waone kwamba ninakwenda kwa ajili ya elimu. Alinipa chai na mkate wenye molasi. Mimi nilimpa meli. Nilimsimulia iliyovunjika mwaka huu na ule, upepo ulikuwa wa wapi, nahodha alikosea nini. Alifuma soksi, akasikiliza, na wakati mwingine akasema, "Maskini."

Kutoka kwangu mpaka kwake kuna kilima, na magoti yangu si ya shule tena. Basi nikapata wazo ambalo huja kwa watu waliosoma: nikaamua kuhamisha nyumba.

Kwetu nyumba huhama. Zimejengwa kwa mbao, hazina mizizi. Theluji ikishakuwa ngumu vizuri, unaiweka nyumba juu ya magogo, unafunga kamba, unaita wanaume wa kijiji, mmoja anaimba na wengine wanavuta kwenye kiitikio. Niliwaambia wanaume kwamba nataka mwanga zaidi wa kusomea.

"Mwanga," akasema Leander Dobbin, mwenye mashua kubwa kuliko zote hapa, ambaye amenifahamu tangu tukiwa tunalambishwa mafuta ya ini la chewa kwa kijiko kimoja. "Na huo mwanga unafuma soksi?"

"Vuta kamba, Leander."

"Navuta, Profesa, navuta. Usijali. Ila kesho usije ukasema bafu nalo linataka mwanga."

Lakini Leander alipofika juu na kufuta jasho, aligeuka akatazama chini mahali nyumba ilipokuwa, na uso wake ukabadilika. "We Ignatius," akasema. "Umefikiria alama?"

Lazima nieleze hapa. Nje ya ghuba yetu kuna mwamba unaoitwa Askofu. Hauonekani, isipokuwa bahari ikiwa mbaya, ndipo huvaa kofia nyeupe. Mtu akiugonga tunasema amekwenda kumbusu Askofu pete. Corisande iliubusu, na nyingine nyingi. Kuukwepa ni rahisi: ukiwa unarudi kutoka baharini unatazama nchi kavu, unaupanga msalaba wa mnara wa kanisa usimame juu kabisa ya dohani ya nyumba nyekundu, kisha unaufuata mstari huo mpaka ndani. Watoto wetu hujifunza kabla ya kujua Baba Yetu: msalaba juu ya dohani, wewe uko nyumbani.

Nyumba nyekundu ilikuwa yangu. Babu aliijenga, baba akaipaka rangi ile ile, na kwa maisha yao yote watu wa hapa walirudi salama kwa kuitazama. Nami nilikuwa nimeiburuta magharibi kwa sababu ya soksi.

Sikubabaika. Niliitisha mkutano ukumbini, nikachora ubao mzima kwa chaki, nikatoa mhadhara mrefu juu ya alama mpya. Kuanzia leo, nikasema, dohani yangu haina kazi tena baharini. Anayetazama nyumba yangu atakufa. Tazameni paa la nyumba ya padri. Nilirudia mara nyingi, nikawafanya waseme pamoja nami kama darasa. Gus Nash, mvuvi kijana mwenye ulimi usio na mfupa hata mdogo, aliinua mkono.

"Mwalimu, je, dohani ikinikonyeza?"

"Usiitazame."

"Na mwenye dohani?"

Wakacheka. Lakini waliokwenda baharini kila siku walizoea paa la padri kwa muda mfupi tu. Mimi nilikuwa siendi baharini. Nilikaa juu kwenye mwanga wangu, nikaona ukuta wa nyuma wa jiko la Genevieve, nikafurahi.

Barafu ya baharini ilipoondoka nilimwambia. Sikutumia maneno ya vitabuni, kwa sababu nilipoyahitaji yalikuwa yamekimbia. Nilisema kwamba nina saa nzuri, mlango imara, na kwamba kikombe kimoja mezani ni kitu cha kusikitisha.

Genevieve aliweka sindano za kufumia mapajani. "Ignatius, napenda mazungumzo yako," akasema. "Lakini niliishi na Dinny. Mimi nimezoea mwanamume anayejua kuingiza mashua, si anayejua kusimulia jinsi wengine walivyoshindwa kuiingiza."

"Nilivua tangu mtoto, Genevieve."

"Ulivua. Sasa unasoma. Nikikutazama sijui kama bado kuna mvuvi humo ndani, au vumbi la chaki tu." Akachukua sindano tena. "Nitakujibu Siku ya Shada."

Siku ya Shada ni mwezi wa Julai. Mashua zote hutoka mpaka karibu na Askofu, padri huwaombea waliokufa na Corisande, tunatupa shada la maua majini, na mimi, tangu nipate cheti, hueleza kilichotokea. Basi nikajua la kufanya. Nilitaka anione nimeshika usukani.

Siku yenyewe ilikuwa tulivu, na baridi ile ya Julai inayokumbusha kwamba barafu haijakwenda mbali. Nilivaa koti langu jeusi na tai. Katika mashua ya Leander tulikuwa Leander, Padri Whelan, Genevieve na mimi, na shada. Mashua nyingine zilitufuata nyuma. Padri aliomba, Genevieve akatupa shada, likaelea likizunguka taratibu, na kwa muda hapakuwa na mtu wa mzaha. Kila mtu ana ndugu huko chini, hata kama hakuwa kwenye Corisande.

Ukungu ulikuwa umeanza kuingia kutoka kusini. Leander akageuza mashua.

"Nipe usukani," nikasema.

"Wa nini?"

"Nipe tu, bwana. Nataka kuingiza mimi."

Leander alinitazama, akamtazama Genevieve aliyekaa mbele na shali kichwani, akaelewa kila kitu, maana si mjinga. Akasogea. "Haya, nahodha. Mashua ni yangu lakini heshima ni yako. Usivichanganye."

Nilishika usukani. Siwezi kueleza raha yake. Mikono ilikumbuka kila kitu, uzito wa maji, mtetemo wa injini, mpaka nikajiuliza kwa nini niliwahi kukaa kwenye dawati. Mashua nyingine zilikuwa zimetangulia, zimeshamezwa na ukungu. Na kwa kuwa mtu aliyepata cheti hawezi kukaa kimya akiwa na wasikilizaji watatu wasio na pa kukimbilia, nikaanza mhadhara wangu.

"Padri, watu husema nahodha wa Corisande alikuwa mlevi," nikasema. "Sivyo. Alikuwa mtu makini. Alikosea kwa sababu ya mazoea. Aliona taa, akaamini ni ile aliyozoea kuiona mahali pale. Hakujiuliza kama kuna kitu kimebadilika."

"Loo," akasema Padri Whelan.

Mbele yetu ukungu ulipasuka kidogo. Nyumba ya padri haikuonekana, wala ghala za samaki, wala gati. Ilionekana sehemu ya juu ya kilima tu: mnara wa kanisa na, chini yake, nyekundu na nzuri, nyumba. Sikuwaza hata kidogo. Nilivuta usukani taratibu mpaka msalaba ukasimama wima juu ya dohani, kama ulivyosimama tangu nilipokuwa mtoto kwenye mapaja ya baba. Nilimtazama Genevieve nione kama anaona jinsi nilivyoupanga vizuri.

"Hilo ndilo fundisho la Corisande," nikamalizia. "Macho ya mtu huona anachotarajia..."

Askofu alitupokea.

Sauti yake ilikuwa kama kabati lililojaa vyombo linaloangushwa ngazini. Mashua ilipanda, ikasimama, ikalala ubavu. Padri alikaa ghafla juu ya ndoo ya chambo. Mimi nilikuwa nimesimama kwa ajili ya mhadhara, kwa hiyo niliendelea kwenda mbele wakati mashua imesimama. Miguu ilipita ukingoni, maji ya bahari yakaingia kwenye viatu vyangu vya Jumapili kama barua ya posta. Kisha kitu kikaninyaka kwenye kola kwa nguvu kiasi kwamba tai ilinikaba. Ulikuwa mkono wa Genevieve.

"Tulia," akasema. "Nimekushika."

Akanivuta ndani kama gunia la viazi, akaniweka kwenye benchi. Hakuniachia kola kwa muda.

Mwamba ulikuwa umetoboa ubao mmoja. Maji yalituingia mpaka vifundoni, lakini bahari ilikuwa inakupwa, kwa hiyo mashua ilikaa juu ya Askofu imara kabisa, kama kuku kwenye kiota. Hatukuwa hatarini, na hatukuwa na mahali pa kujificha. Leander alitazama mbele, msalaba na dohani.

"Ignatius," akasema kwa upole, na upole wa Leander ni kitu cha kuogopwa. "Ile nyumba ni ya nani?"

Nilitazama. Nilijibu kwa sauti ndogo kwamba ni yangu.

"Na nani aliihamisha?"

"Kosa ni langu, Leander. Ni langu peke yangu. Mashua nitaitengeneza kwa mikono yangu."

"Nilidhani unajua. Ulichora ubaoni. Ulitufanya tuimbe."

Padri Whelan, akiwa bado kwenye ndoo, alianza kutetemeka mabega. Nikadhani ni baridi au maombi. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Pete," akasema, "ya Askofu," akashindwa kuendelea.

Waliokuja kutuchukua walikuwa Gus Nash na wenzake, waliposikia filimbi ya Leander. Mashua yao ilitokea kwenye ukungu, ikazima injini, ikaelea mbele yetu. Gus alivua kofia.

"Poleni sana. Watu wote wazima?"

"Wazima," akasema Leander.

"Tumshukuru Mungu." Gus akavaa kofia, akasugua mikono. "Basi tugawane. Mimi nataka injini."

"Nami usukani!" akasema mwingine. "Haujatumika sana."

"Tai ya Profesa nimeiona mimi kwanza."

"Kile cheti kiko humu? Nani anachukua cheti?"

"Aa, hicho acha kizame."

Nilikaa kwenye benchi, viatu vimejaa maji. Nilikuwa nimesoma habari za manahodha wengi waliokwenda chini na meli zao, na siku zote nilidhani ni ushujaa. Siku ile niligundua kwamba wengine pengine walisikia Gus wa zamani zao anakuja.

Genevieve alihamia mashua ya Gus, shali yake imelowa. Hakunitazama. Tulipofika gatini alikwenda zake kwa njia ya kisimani. Siku ya Shada ikapita hivyo, bila jibu, na sikuwa na uso wa kwenda kuuliza. Nilihesabu kwamba nimejibiwa.

Mashua niliitengeneza, Leander akinisimamia na kunipa ushauri ambao sikuuomba. Wakati tunapiga misumari aliniambia jambo. "Sisi wa hapa tumezoea paa la padri. Lakini watu wa ghuba za jirani wakikimbia dhoruba wanakuja kwetu, na wao wanajua dohani tu. Baba zao waliwafundisha dohani. Wiki iliyopita mmoja kidogo afanye kama wewe." Akatema msumari kiganjani. "Mtu mwenyewe unaweza kukaa popote. Kwa mjane, juu ya mti, popote. Lakini dohani irudi."

Nilijua nitakachopoteza. Juu kule, hata kama Genevieve hanisemeshi, niliona mwanga wa jiko lake jioni na nilisikia mlango wake ukifungwa. Chini nitaona bahari na Leander. Nilikubali siku ile ile, na ninapenda kufikiri kwamba nilikubali kwa ajili ya wavuvi wa jirani. Nusu ilikuwa hivyo. Nusu nyingine ilikuwa kwamba sikuweza tena kufungua dirisha na kuona lile jiko.

Theluji ya kwanza ngumu ilipoanguka, wanaume wakaja na kamba. Nilizima jiko mwenyewe, maana nyumba haivutwi na moto ndani. Nikashusha cheti, nikafunga saa kwenye blanketi, nikatoka nikashika kamba ya mbele. Gus aliimba. Alikuwa ametunga wimbo mpya kwa ajili ya siku hiyo, na kiitikio chake nitakiacha kisiandikwe. Walivuta kwa furaha kubwa. Watu huvuta vizuri wakiwa wanamcheka mtu.

Tulikuwa katikati ya kilima, mahali pabaya zaidi, nyumba imeinama, ndipo Leander akaacha kuvuta.

"Ignatius. Ulizima jiko?"

"Nimezima."

"Basi dohani inavuta sigara."

Nikageuka. Moshi ulikuwa unatoka kwenye dohani yangu, mweupe, umenyooka, kama wa asubuhi yoyote ya kawaida. Nilipiga kelele wasimame. Nikakimbia, kama magoti yangu yanavyokimbia, nikakamata kitasa cha nahodha wa Corisande, nikasukuma kwa bega. Mlango haukufunguka, kwa sababu hufunguka nje, na hilo nalo nililisahau katika nyumba niliyozaliwa. Nyuma yangu wanaume wakalala kwenye theluji kwa kicheko. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani, ukanigonga paji la uso.

Alikuwa Genevieve, na aproni, na kijiko.

"Ingia au toka," akasema. "Baridi inaingia."

Birika lilikuwa jikoni linachemka, limefungwa kwa kamba lisiteleze. Soksi zake zilikuwa kwenye kiti changu. Jikoni kulikuwa na harufu ya molasi.

"Genevieve, umeingia lini?"

"Kwa mlango wa nyuma, ulipokuwa unabishana na Gus. Kaa chini, unavuja damu."

Leander alikuwa ameingiza kichwa dirishani, na nyuma yake Gus, na nyuma ya Gus nusu ya kijiji. "Mama Careen," akasema Leander, "hatuvuti watu. Tunavuta nyumba tu."

"Vuta, Leander Dobbin, chai itakuwa tayari mkifika chini."

"Lakini unafanya nini humo?"

Genevieve alinifuta paji la uso kwa aproni, bila upole mwingi. "Naangalia mali yangu," akasema. "Kitu kikipanda mwamba ni cha nani?"

Kila mtu alijua.

"Ni cha wa kwanza kukiwekea mkono," akasema Genevieve. "Nilimshika kola kabla Gus hajafika. Padri shahidi."

"Lakini Genevieve," nikasema, na nilijichukia hata nilipokuwa nasema, maana elimu haijui wakati wa kunyamaza, "ulisema unataka mtu anayejua kuingiza mashua."

"Nilisema. Dinny alijua, na hakusema 'kosa ni langu' hata mara moja mpaka tunamzika." Akamimina chai kwenye vikombe viwili. "Halafu nikafikiri. Mwanamume aliyehamisha nyumba yake kwa ajili yangu, kisha akasahau kwamba ameihamisha, hawezi kuachwa akae peke yake. Ni hatari kwa meli."

Gus alikuwa wa kwanza kushangilia. Kisha akaanza wimbo ule ule, kiitikio kile kile, wakaingia kwenye kamba, nyumba ikaruka mbele na chai yote ikamwagika kwenye suruali yangu. Genevieve alishika meza kwa mkono mmoja na kola yangu kwa mkono mwingine. Tuliteremka hivyo kilima chote, tukipita nyumba za majirani, mpaka nilipoona kwa dirisha msingi wa babu unatungoja kwenye theluji.

Sasa nyumba iko mahali pake na msalaba uko juu ya dohani. Wavuvi wa jirani huingia salama. Genevieve amekihamishia cheti jikoni, juu ya jiko, ambako moshi unakipaka rangi ya ndizi mbivu, na wageni wake wakiingia hukisoma kwa sauti wakati wanangoja chai. Mlango ninausukuma bado.